Maji ya Majivu ya Mama Ngalula

Mwalimu Ngeleka alinifundisha kemia bila kunilazimisha hata siku moja kusema kwa sauti. Alikuwa mtu wa Kasaï, mkoa wa jirani, mrefu, mwenye koti la kahawia ambalo mifuko yake ilijaa vumbi la chaki. Alipogundua kwamba nikisimama mbele ya wenzangu koo langu hujifunga, alianza kupita karibu na dawati langu, akainama kana kwamba anakagua daftari, nami nikamnong'oneza jibu. Kisha aliinuka na kulitangazia darasa zima: "Abigaëlle anasema ni oksijeni. Na Abigaëlle habahatishi."

Darasa lilicheka, lakini kicheko kile hakikuniuma. Kwa kuwa mtu mmoja alikubali kuniazima sauti yake, nilimaliza sekondari, nikaenda chuo Lubumbashi, nikarudi Kolwezi kuwa mwalimu wa kemia kama yeye.

Nilirudi katika mwaka mbaya. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulikuwa umeporomoka, kampuni ilikuwa haiwezi tena kulisha watu wake, na maduka ya mjini yalikuwa yameporwa hadi rafu zake. Watu wenye njaa hutafuta wa kumlaumu. Mwaka ule wa 1993 waliwalaumu watu wa Kasaï, ambao baba zao waliletwa na reli kufanya kazi hapa kabla sisi hatujazaliwa. Walianza kuwaita bilulu, yaani wadudu. Halafu wakaanza kuwatoa nyumbani mwao. Maelfu walikimbilia stesheni, wakalala chini ya maturubai na mabati kandokando ya reli, wakingoja treni iliyokuja siku ilipotaka.

Sisi ni Waluba wa kaskazini ya Katanga, mkoa huuhuu wa Kolwezi, kwa hiyo hakuna aliyebisha mlangoni kwetu. Baba yangu, Tata Mbuyu, alikuwa fundi umeme katika karakana ya kampuni. Jioni aliporudi alikaa barazani, akitazama ukuta wa nyumba ya jirani ambayo sasa ilikuwa na watu wengine ndani.

Nilipomwambia kwamba mke wa mwalimu wangu yuko stesheni, alikuna kidevu.

"Ukienda kule, batakuona," alisema.

"Banione, Tata."

Nilisema kwa sauti ndogo mno, nikadhani hakusikia. Lakini asubuhi nilikuta amefunga unga wa mahindi na maharagi makavu kwenye kitambaa, ameweka juu ya meza, na yeye ameshaondoka kwenda kazini.

Nilimkuta Mama Ngalula, mke wa mwalimu, karibu na bomba la maji, nyuma ya ghala la mizigo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono isiyotulia. Hata pale, juu ya kokoto, alikuwa amefagia mahali pake na kupanga mawe matatu chini ya mbabula yake, lile jiko la bati lililotobolewa. Bintiye mdogo, Kapinga, alikuwa amelala kwenye kanga, uso umejaa vipele vya surua.

"Abi! Mwana wangu!" Alinikumbatia mbele ya watu wote, nikatamani ardhi inifunike kwa aibu na kwa furaha. "Tata Ngeleka angekuona! Lakini yee alitangulia na treni ya kwanza, na mutoto wetu mukubwa. Mi nilibaki, juu ya surua ya huyu."

Akanieleza jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Mume wake alizaliwa hukuhuku Katanga. Kasaï hakuwa na nyumba wala shamba. Alikuwa ameondoka bila kujua wapi watampokea. Wakati wa kuagana alimwambia mkewe: nikipata mahali nitatuma tangazo kwenye redio ya kule, saa ile ya mchana wanaposoma matangazo ya familia. Mahali nitakapotaja, hapo ndipo mshuke.

"Treni inasimama stesheni nyingi," Mama Ngalula alisema. "Nikishuka pabaya, na mutoto mugonjwa, nitamutafuta wapi? Kasaï haiko kiwanja cha mupira." Alifungua furushi akanionyesha redio ndogo, imefungwa ndani ya vitenge viwili kama mtoto mchanga. "Redio iko. Piles zilikufa."

Betri! Siku hizo betri moja ya redio ilikuwa adimu kuliko nyama. Nilikwenda sokoni Manika kwa Tata Alimasi, mfanyabiashara ambaye watu wa kwao walitoka mashariki zamani, na ambaye kabla ya uporaji aliuza kila kitu kuanzia sindano hadi matairi. Nilimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya tundu lililokuwa duka.

"Piles?" alicheka. "Mama, umechelewa. Baliiba vitu vyote. Nikabaki na mulango, nikasema, aksanti Mungu, mulango iko. Kesho yake bakarudia mulango."

Nilitabasamu, nikageuka kuondoka.

"Ngoja. Zile za kufa ziko, mufuko muzima. Hata benye kuiba habakuzitaka. Unataka?"

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nadhani nilisema ndiyo kwa sababu sijui kukataa. Nilibeba mfuko ule wa betri zilizokufa, nikipita katikati ya soko, miguu yangu ikikanyaga maganda ya mihogo, majani ya kabichi na magunzi ya mahindi yaliyotafunwa, na hapo ndipo nilipolikumbuka somo.

Mwalimu Ngeleka alikuwa ametuonyesha mara moja tu. Kipande cha alumini, kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, makaa yaliyosagwa, na katikati ya makaa ule ufito mweusi unaotolewa kwenye moyo wa betri iliyokufa. Alumini hujila polepole. Makaa huvuta hewa kupitia vitundu vyake. Na kati ya kujila na kuvuta, umeme hupita. "Kila kitu kilichokuwa hai kina makaa ndani yake," alituambia. "Hata ganda. Hata gunzi. Kazi ya mwanakemia ni kuliomba kwa adabu."

Makaa ya kupikia yalikuwa ghali, tena mazito, hayanywi maji. Magunzi yalikuwa yametupwa bure, na gunzi ni jepesi, lina vyumba vidogo ndani yake. Nikaokota magunzi mpaka kitenge changu kikajaa. Mama mmoja muuza mboga aliniuliza kama nimepata mbuzi.

Nyumbani niliyachoma ndani ya kopo lililofunikwa ili yasigeuke majivu, nikayasaga, nikatengeneza kikombe kimoja cha majaribio kwa alumini ya kifuniko cha sufuria yetu iliyopasuka. Nilikiunganisha na balbu ya tochi. Haikutoa hata mwanga wa kiberiti. Nikaongeza vikombe vingine viwili. Balbu ikawa nyekundu kama jicho la panya, ikazima.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilifikiri: Mama Ngalula ameahidiwa mambo mengi mwaka huu, sitamwongezea ahadi nyingine. Labda makaa yangu yana vumbi, nikasema, yaoshwe kwanza. Mtaani kwetu bomba lilikuwa limekauka, lakini lile la stesheni lilikuwa linatoa. Siku iliyofuata nikaenda na sufuria nyingine yenye makaa ya magunzi, nikaijaza maji, nikaiacha karibu na jiko la Mama Ngalula.

"Nitaichukua kesho," nilimwambia. Hayo tu. Mtu mwingine angeeleza.

Kesho yake nilipofika, maji ndani ya sufuria yangu yalikuwa ya kahawia na yenye utelezi, kama maji ya sabuni. Makaa yalikuwa yameshikana vidonge.

"Usiniambie aksanti," Mama Ngalula alisema kabla sijafungua kinywa. Alikuwa akipika maharagi ya baba yangu, na pembeni yake kopo lililotobolewa matundu chini lilikuwa likidondosha maji ya majivu. Nyinyi mnajua: maganda ya ndizi na maganda ya maharagi huchomwa, majivu yake hutiwa kwenye kopo kama hilo, maji humwagwa juu yake, na yale yanayodondoka hulainisha maharagi makavu na kuipa bamia mvuto. Mama zetu wote hufanya hivyo, kutoka kwao hadi kwetu. "Niliona yako imelala ndani ya mayi, nyeusi, nyepesi, haina nguvu hata kidogo. Nikasema, masikini, huyu mutoto wa chuo hajue kutengeneza mayi ya majivu. Siku ataolewa, atapikia bwana maharagi ya mawe! Ndo nikakuongezea yangu, ile kali."

Macho yalinijaa machozi. Magunzi yale ndiyo yote niliyokuwa nayo.

"Mama," nilinong'ona, "haikuwa ya maharagi."

"Ee? Ni ya nini?"

"Ya... ya redio."

Alinitazama, mwiko hewani. "Unataka kupikia redio?"

Mwanamke wa jiko la jirani aliangua kicheko. Mwingine akauliza kumetokea nini, akaambiwa, akacheka pia: "Redio ya mama Ngalula ina njaa! Ipewe bukari ya unga!" Nikacheka mwenyewe, nikilia, na kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa anajua, ikabidi nieleze. Nilieleza kwa sauti ndogo, na Mama Ngalula aliyarudia maneno yangu kwa sauti kubwa, sentensi baada ya sentensi, kama mume wake alivyokuwa akifanya. Sijui kama alitambua.

"Basi nimekuharibia," alisema mwishoni. Mikono yake ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza.

"Hapana, Mama. Nitakausha tu."

Nilisema hivyo ili asihuzunike. Nilimwaga maji, nikayatia makaa yale kwenye kopo, nikalifunika na kulizika katikati ya moto wake, nikapuliza mpaka kopo likawa jekundu. Nilikuwa nataka kuyakausha tu. Lakini nilipokuwa nikipuliza, moshi ukiniingia puani, nilianza kufikiri juu ya kilichomo ndani ya maji ya majivu. Potasi. Na chuoni tulikuwa tumesoma, katika kitabu kilichokosa jalada, kwamba potasi ikikutana na makaa katika moto mkali huyala kwa ndani, huyatoboa matundu madogo yasiyohesabika. Nilikuwa nimelisoma, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau.

Kopo lilipopoa niliyaosha makaa. Yalikuwa yamepungua, mepesi, meusi bila kung'aa. Nilidondosha tone la maji juu yake. Tone likatoweka, likitoa mlio mdogo kama mtu anayesema "sss" kwa kuonja kitu kitamu.

Nilikimbia nyumbani kuleta vikombe vyangu vitatu, nikavijaza makaa yale, na balbu ya tochi iliwaka. Haikuwa nyekundu. Iliwaka njano, mchana kweupe, na ikaendelea kuwaka. Kapinga aliinua kichwa kwenye kanga akaiangalia.

"Mama," nilisema, "aksanti kwa mayi ya majivu."

"Nilikuambia usiniambie," alijibu, akifuta macho kwa kiganja.

Redio ilihitaji vikombe vingi, siyo vitatu. Kila mwanamke pale kando ya ghala alitoa kikombe cha plastiki, na walioendelea kupika mahindi waliniletea magunzi. Nyumbani nilimwomba baba waya. Hakuuliza wa nini. Alirudi kutoka karakana na waya wa shaba umezungushwa kiunoni chini ya shati, akaukata vipande kwa koleo lake, akamenya ncha za kila kimoja. Alipomaliza alitazama kifuniko cha sufuria nilichokuwa nimekikatakata.

"Na sufuria yenyewe?"

"Imepasuka tu upande mumoja, Tata."

"Ikate nayo," alisema. "Mwambie muke ya mwalimu..." Alinipa koleo.

Siku ile nilipofika na sanduku la vikombe, vijana watatu wenye vitambaa kichwani, wa wale waliokuwa wakiwatoa watu nyumbani mwao, walikuwa wamesimama kwenye njia ya reli. Mmoja alinijua.

"Weye, mutoto wa Mbuyu! Unabebea bilulu chakula?"

Nilipita nimeinamisha kichwa. Sanduku lilikuwa zito.

Tuliunganisha vikombe nyuma ya ghala, kimoja baada ya kingine, chumvi, kitambaa, makaa. Mama Ngalula aligeuza kitufe. Kwanza ulikuja mkwaruzo, kisha muziki, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba kumezaliwa mtoto. Saa ya matangazo ya familia sauti ya mtangazaji ilikuja na kwenda kama mtu anayeongea huku akipita milango. Fulani anawajulisha jamaa zake. Fulani amefika salama. Mzee mmoja kando yetu alisikia jina la ndugu yake akaketi chini kwenye kokoto. Jina la Ngeleka halikutajwa siku hiyo, wala siku zilizofuata. Kila siku tulibadilisha maji ya chumvi, kila siku umati kuzunguka vikombe ulikua, na kila siku Mama Ngalula alisema, "Kesho."

Treni ilikuja mchana, wakati wa matangazo.

Tulisikia honi yake kutoka mbali, na watu wote waliokuwa wamezunguka redio wakainuka kwa mara moja. Mabogi yalikuwa ya kubebea mizigo, tayari yamejaa watu wa mahali pengine. Hakuna aliyejua ijayo ingekuja lini. Mama Ngalula alimfunga Kapinga mgongoni, akanyanyua furushi, akasimama, akitazama mara treni, mara redio. Vikombe vile, na waya zake zote, visingepita katika umati ule bila kumwagika.

"Panda, Mama," nilisema. "Mi nitabaki nasikiliza."

"Na ukisikia?"

"Nitakuja kukuambia."

Alitazama umati, kisha akanitazama mimi, ambaye alinijua tangu nikiwa msichana wa kunong'ona. "Batu ni mingi, Abi. Itabidi upige kelele."

"Nitapiga."

Alinishika shavu, akaenda. Nilimwona akimezwa na migongo na magodoro.

Niliinamia redio. Mtangazaji alikuwa akisoma, na nguvu ilikuwa inapungua, kwa kuwa siku hiyo hatukuwa tumebadilisha chumvi. Niliminya vitambaa kwa vidole, nikamwagia maji kidogo kila kikombe. Honi ikalia tena. Familia ya huyu. Familia ya yule. Treni ilitikisika, minyororo ikagongana kutoka bogi hadi bogi.

"...mwalimu Ngeleka anamjulisha mke wake Ngalula, aliye Kolwezi, na watoto. Washuke Mwene-Ditu. Atakuwa anawangoja stesheni kila treni. Mwene-Ditu. Mtoto mkubwa hajambo..."

Nilikimbia. Sikumbuki kuruka mizigo, ingawa magoti yangu yalikuwa na michubuko baadaye. Treni ilikuwa imeanza kujivuta. Nilifungua kinywa, koo likajifunga kama siku zote, na hakukuwa na mtu wa kuinama karibu yangu kulichukua jibu.

"Mama Ngalula!"

Sikuitambua sauti ile. Ilitoka ikiwa imekwaruza.

"Mama Ngalula! Mke wa Ngeleka! Mwene-Ditu! Mushuke Mwene-Ditu!"

Mwanamume aliyekaa juu ya bogi aliniangalia, akageuka akapaza: "Ngalula wa Ngeleka! Mwene-Ditu!" Bogi lililofuata likaipokea. "Ngalula, Mwene-Ditu!" Niliendelea kukimbia na kupiga kelele, na jina lile lilinitangulia, likipita kinywa hadi kinywa juu ya vichwa na vyungu na kuku waliofungwa miguu, mpaka mbele kabisa mkono mmoja ukatokea kwenye mlango wa bogi, umeshika kopo lililotobolewa matundu chini. Lilikuwa kopo la maji ya majivu. Alilitikisa juu, akalitikisa tena, na treni ikaingia kwenye kona.

Nilibaki nimesimama kwenye kokoto. Mmoja wa wale vijana wenye vitambaa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Alinitazama, halafu akatazama pembeni.

Niliporudi kwenye redio ilikuwa imenyamaza. Wanawake waliokosa nafasi kwenye treni walikuwa wameketi kuizunguka, na mmoja wao alikuwa tayari anafungua kitambaa cha kikombe cha kwanza.

"Mwalimu," aliniuliza, "chumvi inatosha ngapi? Mi bado namungojea bwana yangu."

Niliketi, nikamwonyesha. Na kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kuyarudia maneno yangu, nilieleza mwenyewe, kwa sauti kidogo iliyobaki: magunzi kwanza, kisha maji ya majivu, ile kali, kisha moto wa pili.

Jioni baba alinikuta barazani.

"Walienda?"

Nilifungua kinywa nimjibu, hewa ikatoka peke yake. Nikajaribu tena. Hakuna kitu.

Mabega ya Tata Mbuyu yakaanza kutikisika. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka uanze. "Miaka yote tunakuambia, Abi, sema, sema," alisema. "Leo ndo unamaliza sauti yote kwa mara moja?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha chai ya moto yenye tangawizi, akanishikisha kwa mikono miwili. Nikamwambia asante kwa midomo tu, na akasikia.